Kidawa na Mgeni wa Chini ya Mgomba

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini? Palikuwa na sahani iliyokwenda imejaa na kurudi imejaa. Zawena, usinitazame hivyo, sijakutaja jina. Kaa vizuri, na hiyo sahani yako iache papo hapo ilipo. Msogeze na mdogo wako karibu, naye asikie.

Basi, siku za nyuma, kabla barabara haijafika huku kwetu, palikuwa na mtoto wa kike akiitwa Kidawa. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa na mdogo wake wa kiume, Shaame, wa miaka mitatu. Baba yao alikuwa safarini. Mama yao, Bi Raya, alilima mpunga, akitoka asubuhi na kurudi alasiri.

Kidawa alikuwa mchaguzi wa chakula. Alikula wali mweupe, mtupu, usio na kitu juu yake. Ukimwekea mchunga, "Sitaki." Ukimwekea kunde, "Sitaki." Ukimwekea bamia, analia kabla hujamaliza kupakua.

Na Shaame? Shaame kazi yake ilikuwa kumtazama dada yake usoni. Dada akikunja uso, naye anakunja. Dada akisema sitaki, naye anasema sitaki, hata kama hajaona kilichomo sahanini. Mtoto akaanza kukonda, mbavu zikawa zinahesabika. Bi Raya alikuwa akiona, na moyo ulikuwa ukimuuma.

Lakini wakicheza vifuu, watoto hao walikula kila kitu. Vifuu si mnavijua? Kifuu cha nazi ndicho chungu, vijiwe vitatu ndiyo mafiga, mchanga ndio pilau na majani ndiyo samaki. Kidawa alikuwa mwenyeji, Shaame mgeni. Kidawa anasema, "Karibu tule, mgeni wangu." Shaame anauliza, "Chakula gani leo, mwenyeji wangu?" Anaambiwa, anatafuna hewa, anajilamba. Kwenye vifuu hakuna aliyewahi kusema sitaki.

Siku moja Bi Raya alipika mchunga, ile mboga chungu, akauunga kwa nazi. Akawapakulia, akajifunga kanga yake. "Nikirudi nikute sahani tupu," akasema, akaenda zake shamba.

Kidawa akaichukua sahani mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Akachimba shimo kwa kifuu, akaumwaga mchunga wote. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa mchezo, akainama juu ya shimo akasema, "Karibu tule, mgeni wangu." Akafukia.

Bi Raya akarudi, akaikuta sahani tupu, akafurahi, akawaombea wanawe dua. Maskini mama wa watu.

Siku ya pili akapika kunde. Kidawa akaenda mgombani, akachimba, akamwaga, akasema, "Karibu tule, mgeni wangu." Akafukia.

Siku ya tatu akapika bamia. Kidawa akaenda mgombani, akachimba, akamwaga, akasema, "Karibu tule, mgeni wangu." Akafukia.

Sasa nisikilizeni. Karibu si neno la kutupa ovyo. Ukimkaribisha mtu naye akala, basi amekula kwako, na aliyekula kwako atataka nawe ukale kwake. Ndivyo tunavyoishi sisi, na kumbe ndivyo linavyoishi na zimwi la bondeni. Zimwi hilo lilipita nyuma ya nyumba, likasikia linakaribishwa, likafukua, likala mchunga. Siku ya pili likafukua, likala kunde. Siku ya tatu likafukua, likala bamia, likajifuta mdomo.

"Nimekaribishwa mara tatu," likasema. "Sasa ni zamu yangu."

Siku ya nne, Bi Raya keshakwenda shamba, ikasikika sauti mlangoni. "Hodi."

Kidawa akanyamaza, maana mama alikuwa amemkataza kuitika watu asiowajua.

"Hodi."

Akanyamaza.

"Hodi, Kidawa."

Aliposikia jina lake akasahau, akaitika, "Karibu."

Likaingia. Lilikuwa refu, limevaa kanzu iliyofuliwa ikafulika, na nywele zimeshuka hadi kiunoni. Lilikuwa na vidole virefu, vya kijani, vyembamba kwenye ncha, na chini ya kucha kulikuwa na udongo wa mgombani.

"Umenilisha mchunga, umenilisha kunde, umenilisha bamia," likasema, taratibu, kwa adabu. "Wewe ni mtoto mkarimu. Leo chakula kiko kwangu."

"Sikukulisha wewe," akasema Kidawa. "Mimi nilikuwa nacheza."

"Mimi sikuwa nacheza. Mimi nilikula."

Likamnyanyua Shaame, likamweka begani, likatoka. Wala halikukimbia. Lilitembea kama mtu anayerudi kwake baada ya sala.

Kidawa akasimama mlangoni. Shamba la mama lilikuwa upande wa pili, na zimwi lilikuwa linazama bondeni na mdogo wake. Aliogopa sana. Mimi mwenyewe hapa nilipokaa naogopa. Basi akashika kanga yake, akafuata.

Akafika kwenye nyumba ya udongo. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na Shaame amekalishwa juu yake. Vyungu vitatu vilikuwa vimeepuliwa, vinatoa moshi. Chungu cha nne kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na ndani hamkuwa na kitu ila maji.

"Hicho cha nini?" akauliza Kidawa.

"Hicho ni cha mgeni asiyekula," likasema zimwi. "Sheria ya kwangu ni fupi. Mgeni akila changu, hurudi kwao. Mgeni akikataa changu, mimi humla yeye. Nanyi ni wageni wawili, kwa hiyo mtakula wawili."

Likafunua chungu cha kwanza. Mchunga.

Kidawa akatia tonge mdomoni. Uchungu ukampanda mpaka puani. Akakunja uso, akalisukuma tonge shavuni, na zimwi lilipogeuka akalitema kwenye pindo la kanga. Shaame alikuwa akimtazama. Naye akakunja uso vile vile.

"Sitaki," akasema Shaame.

Zimwi likachukua kuni, likatia chini ya chungu cha nne, likapuliza mpaka moto ukawaka.

"Mboga yangu inanukia kwenye nguo yako," likamwambia Kidawa. "Hapa kwangu hapana mgomba wa kuzikia. Mara moja nakusamehe, kwa ajili ya ule mchunga ulionipa. Mara ya pili sisamehe."

Kidawa akamgeukia Shaame. Akamwona alivyokonda. Akamwona anavyomtazama yeye, usoni, akingoja kujua kama chakula ni kitamu au kibaya. Hapo ndipo alipotambua kwamba siku zote yule mtoto alikuwa akila uso wake, na uso wake haukuwa na chakula. Akaona aibu, na akamhurumia mno mdogo wake. Akajifuta machozi kwa kiganja.

Akaokota vijiwe vitatu, akavipanga mbele ya Shaame kama mafiga.

"Shaame, tunacheza vifuu."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Karibu tule, mgeni wangu."

Shaame akajiweka sawa. "Chakula gani leo, mwenyeji wangu?"

"Leo sisi ni mbuzi," akasema Kidawa. "Tumekata kamba, tumeingia kwenye shamba la watu, na mwenye shamba anakuja na bakora. Tule haraka."

Akatia tonge, akatafuna. Uchungu ukapanda tena, machozi yakamlenga, lakini mbuzi hakunji uso. Akameza, akalia, "Mee." Shaame akacheka, akatia tonge, akatafuna, akalia, "Mee." Mbuzi wawili wakala mpaka chini ya chungu.

"Mchunga umekwisha," likasema zimwi. Halikufurahi. Likaongeza ukuni wa pili.

Likafunua chungu cha pili. Kunde.

"Karibu tule, mgeni wangu."

"Chakula gani leo, mwenyeji wangu?"

"Hizi ni shanga za bibi harusi," akanong'ona Kidawa. "Tumeziiba, na watu wanakuja kutupekua. Tuzifiche tumboni."

Wakaficha. Na nikwambieni jambo: kunde zile zilikuwa na chumvi yake na tui lake, na Kidawa alipozimeza alitaka kujikasirikia. Siku zote hizo amezikataa, na hata siku moja hajawahi kuzionja.

"Kunde zimekwisha," likasema zimwi. Likaongeza ukuni wa tatu. Maji ya chungu cha nne yakaanza kuvuma.

Likafunua chungu cha tatu. Bamia.

Jamani, bamia ndizo alizoziogopa kuliko zote. Zilikuwa zinateleza, zinavutika nyuzi. Kwa mbuzi aliweza, na kwa shanga aliweza, lakini kwa bamia akili ilimwishia. Shaame naye alikuwa ameshachoka. Akauona ule utelezi, na mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka.

"Nakusubirini," likasema zimwi. Likakaribia, likainama, likaweka mkono wake ukingoni mwa chungu. "Maji yangu yameshachemka."

Kidawa akautazama ule mkono. Akatazama bamia. Akautazama mkono tena.

"Karibu tule, mgeni wangu," akasema.

"Chakula gani leo, mwenyeji wangu?"

"Vidole vya zimwi."

Shaame akatazama bamia, za kijani, ndefu, nyembamba kwenye ncha. Akautazama mkono ukingoni mwa chungu.

"Na sisi?" akauliza.

"Leo sisi ndio mazimwi," akasema Kidawa.

Akachukua bamia moja, akaiuma katikati. Ikateleza, akaishika kwa meno, akatafuna, akameza. Kisha akatabasamu, na safari hii hakujilazimisha. Shaame akachukua yake, akaiuma kwa nguvu zake zote. "Kidole gumba," akasema.

Zimwi likauondoa mkono pale ukingoni.

Wakala ya pili. Zimwi likaficha mikono nyuma ya mgongo. Wakala ya tatu. Zimwi likatia mikono kwapani, likarudi nyuma hatua moja. Wakala, wakala, wakala, Shaame utelezi umemjaa mpaka kidevuni, mpaka chungu kikawa kitupu.

"Vya hapa vimekwisha," akasema Shaame, akalitazama zimwi kwapani. "Vingine viko wapi?"

Zimwi likaruka. Kisigino kikapiga chungu cha nne, maji yakamwagika, moto ukazimika ukitoa moshi.

"Nendeni," likasema. "Mmekula changu, sheria ni sheria. Na wewe Kidawa, nakuomba, usinikaribishe tena."

Kidawa akambeba Shaame mgongoni. Hakugeuka nyuma mpaka alipouona mgomba wa kwao.

Chini ya mgomba alikuwa amekaa Bi Raya. Alirudi akakuta mlango wazi, watoto hawapo, shimo limefukuliwa, na kwenye udongo alama za vidole virefu. Alikuwa amekaa pale na kifuu mkononi, hawezi hata kulia. Alipowaona ndipo alipolia.

Kidawa akamweleza yote, mpaka ya kufukia. Hakuficha kitu. Bi Raya hakumpiga. Alimpangusa Shaame kidevu kwa pindo la kanga, akaunusa ule utelezi.

"Mmekula?" akauliza.

"Tumekula, mama," akasema Kidawa. "Na kesho tutakula hapa."

Na walikula. Nisiwadanganye, mchunga Kidawa hakuupenda hata alipokuwa mtu mzima. Lakini kila ulipopikwa alitia tonge moja, akalia mee, na Shaame akamaliza sahani. Mbavu zikafunikwa, mtoto akanawiri, akawa mwanamume wa kubeba gunia la mpunga peke yake.

Zimwi bado hupita migombani. Huinama, husikiliza kama kuna anayefukia kitu.

Funzo lake ni hili: onja kwanza, ndipo useme hutaki. Na ukiwa mkubwa mbele ya mdogo wako, angalia uso unaompa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ukingo wa sahani yako, Zawena. Bamia zinapoa, na mdogo wako anakutazama. Karibu tule, mgeni wangu.