Kibuyu cha Samli na Kunguru Wawili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusutana kama sisi, mwizi alitambuliwa kwa mgongo. Msinicheke! Ndiyo iliyokuwa sheria ya Mzee Chui, mkuu wa kijiji. Alisema mwizi hukimbia, na anayekimbia huonekana mgongo tu, basi sura ya nini?

Asubuhi moja Mzee Chui akakuta kibuyu chake cha samli kimetobolewa. Samli yote imenyonywa, nayo ilikuwa ya harusi ya binti yake!

"Fisi! Wewe si ndiye mlinzi? Nani kafanya haya?"

"Nilimwona akiruka, mzee, purrr! Mgongo mweusi, shingo nyeupe kwa nyuma. Kunguru!"

Wakamkamata Mama Siwema, kunguru mjane aliyekaa kwenye mgunga na makinda wake watatu. Wakamgeuza. Mgongo mweusi, shingo nyeupe.

"Ndiye huyu huyu!" akasema Fisi.

"Jua likizama uwe umehama," akanguruma Mzee Chui. "Huo mti tunaukata."

"Mzee wangu, wanangu hawajaota manyoya! Watakufa!"

Masikini, alilia mpaka sauti ikakauka. Na kifua chake chote kilikuwa cheupe, kama amevaa fulana, lakini nani alimtazama kifua?

Pimbi alimtazama. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, na huyu mdomo wake haukai. Alijua kuna kunguru mwingine huko majabalini, Bwana Makero: jitu kubwa, kifua cheusi tii, weupe uko kisogoni tu, na mdomo mnene wenye ncha nyeupe. Ukiwatazama kwa nyuma, huwatofautishi.

Pimbi akachungulia tundu la kibuyu. Akapitisha mkono mzima. "Mh! Mzee, nipe mpaka jioni."

Huyoo, mbio mpaka majabalini.

"Hodi, Bwana Makero!"

"Krroo! Karibu. Kuna nini?"

"Mzee Chui anataka fundi wa kutoboa vibuyu vya harusi. Malipo ni paja la mbuzi. Lakini nasikia kazi anapewa Mama Siwema."

"Nani? Yule mwenye kamdomo kale? Hebu nipishe!"

Alasiri kijiji kizima kikakusanyika uwanjani. Pimbi akaleta kibuyu kipya, kigumu. Mama Siwema akatangulia. Ti! Ti! Ti! Hata alama hakuacha.

Bwana Makero akacheka mpaka akainama. "Krroo! Jamani, mnanivunja mbavu!" Akainua kichwa. KO! Pigo moja, tundu likafunguka.

"Hodari wewe!" Pimbi akapiga makofi. "Ila hiki nacho si kilikuwa laini, bwana?"

"Laini sana! Kile cha asubuhi ndicho kilinitoa jasho!"

 Bwana Makero akauziba mdomo kwa bawa, lakini neno limeshatoka. Pimbi akaviweka vibuyu viwili pamoja, kila mtu akaona: tundu kwa tundu, sawasawa.

"Geukeni!" akafoka Mzee Chui. "Nyote wawili, nitazameni mimi!"

Wakageuka. Mmoja kifua cheupe, mwingine cheusi tii. Hata mtoto angewajua! Fisi akajidai anakohoa. Bwana Makero hakungoja paja la mbuzi, akarukia majabalini, na mpaka leo ndiko anakokaa.

Mzee Chui aibu ikamjaa. Akainamisha kichwa mbele ya yule mjane.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mzee," akajibu Mama Siwema, tayari mbawa kazikunjua. "Ila niache niende. Wanangu hawajala tangu asubuhi."

Basi wajukuu zangu, msimhukumu mtu kwa mgongo wake: mgeuzeni kwanza, mmtazame usoni.