Bi Nungunungu na Vipimo vya Mikia

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kujua kushona na kuandika, paliondokea fundi mmoja, Bi Nungunungu. Alikuwa na chumba kimoja, cherehani moja na kompyuta moja kuukuu. Ndani ya kompyuta hiyo alitunza vipimo vya wateja wake: shingo, bega, kiuno, mkia. Naam, mkia. Suruali ya mnyama isiyo na tundu la mkia ni adhabu, si vazi.

Siku moja Tembo, mwenyekiti wa shule, akamwita yeye na fundi mwenzake, Tumbili. Akawaambia wanafunzi wote washonewe sare mpya, kila fundi nusu yake. Vipimo walikwisha kuvichukua. Lakini ofisi ya shule imeweka programu ya toleo jipya, na faili za zamani haizisomi. Basi wavilete kwa toleo jipya, Jumatatu asubuhi. Atakayeleta vibovu, kazi yake anapewa mwenzake.

Bi Nungunungu akapiga hesabu. Akiikosa kazi hii, chumba chake kinafungwa.

Tumbili akaenda mbio. Akaweka toleo jipya, akaifuta programu ya zamani, akazigeuza faili zote kwa mkupuo mmoja. Tak! Hata chai ya saa nne haijaiva, yeye yuko sokoni anajisifu.

Bi Nungunungu hakufanya hivyo. Akaazima kompyuta ya shemeji yake, akaweka toleo jipya humo. Ile kuukuu hakuigusa. Akanakili faili moja, ya darasa la kwanza. Akaifungua huku, akaifungua kule. Akasoma mstari kwa mstari. Shingo, ipo. Bega, lipo. Kiuno, kipo. Mkia? Kwenye kuukuu upo. Kwenye mpya, safu nzima nyeupe, peee!

Akajaribu darasa la pili. Peee. La tatu. Peee. Toleo jipya lilikuwa limeimeza mikia yote.

Akavuta kiti. Akaanza kuiandika upya, mmoja mmoja. Tak, tak, tak. Jumatano, tak. Alhamisi, tak. Tumbili akapita dirishani akamuuliza kama anafuma mkeka. Wapita njia wakacheka. Ilimuuma, msidhani miiba ya mgongoni inakinga moyo. Lakini alikuwa na fahari ya kazi yake. Nguo haikutoka kwake kabla ya kujaribiwa mwilini, na faili nayo isingetoka hivihivi.

Jumatatu ikafika. Tembo akafungua faili za Tumbili. Akamtafuta mwanawe. Akasoma, akasoma tena.

"Tumbili," akasema, "mwanangu hana mkia?"

Tumbili akachungulia. Twiga hana. Nyumbu hana. Nusu yake nzima haina mkia hata mmoja. Faili zake za zamani anazo, ila programu ya kuzifungulia alikwisha kuifuta. Akainamisha kichwa.

Tembo akafungua za Bi Nungunungu. Mikia yote ilikuwepo, mpaka wa digidigi, ambao kuuona kwenyewe ni kazi. Akatangaza kwamba sare zote sasa ni za Bi Nungunungu.

Bi Nungunungu akasimama. Miiba yake ikasimama pamoja naye, shaaa!

"Mzee, nusu ya mwenzangu siitaki. Kompyuta yangu kuukuu bado inazisoma faili zake. Aje kwangu, aandike mikia yake mwenyewe."

Tembo akamuuliza kwa nini anamwokoa aliyemcheka.

"Nataka watoto wapite mbele ya mji huu nusu kwa nusu," akajibu. "Watu waone wenyewe mshono upi ni wangu."

Tumbili akaja, akaketi, akaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya kufungua shule watoto wakapita, kwata, kwata, kwata. Na mji mzima ukanyoosha vidole bila kuulizwa: huyu kashonewa na Bi Nungunungu, na huyu, na yule pale. Fundi wetu akatembea kurudi chumbani kwake katikati ya barabara, polepole, ili kila mtu amwone.

Basi jifunzeni, wakubwa na wadogo. Kipya kikija kipokee, ila cha zamani usikitupe kabla hujahakikisha kwa macho yako kwamba hakuna kilichopotea njiani.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyesinzia, shauri yake.