Mkawasi na Ndoto ya Kijiji Kizima

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na walio nyuma waitikie.

Pakawa!

Zamani sana, zamani ambazo hata babu wa babu zetu alizisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Jina la kijiji silijui, na kwa kuwa silijui sitalibuni. Majina ya watu ninayo, nami nitayataja kama nilivyoyapokea.

Kijiji hicho kilikaa ndani ya ukungu. Jioni ukungu ulishuka, shwaaa, ukafunika mapaa. Asubuhi ulipanda, shwaaa, ukaacha majani yakidondosha maji, to, to, to. Watu wa huko walilala sana na waliota sana. Kulipokucha, kabla mtu hajatia kitu kinywani, walikutana uwanjani wakasimuliana ndoto. Ndoto ya mtu mmoja ilikuwa yake mwenyewe. Lakini ndoto iliyootwa na wengi ilihesabiwa kuwa shahidi, na neno lake lilipokewa barazani kama neno la mtu aliyeona kwa macho.

Hapo aliishi Mkawasi binti Mwadime, mfinyanzi. Aliolewa kutoka kilima cha ng'ambo, mumewe akafa, akabaki na mtoto wake wa kike, Mghoi, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Mkawasi alichimba udongo wake karibu na chemchemi ya kijiji, na mitungi yake ilikuwamo karibu katika kila nyumba.

Mwaka mmoja chemchemi ikanyamaza. Haikukauka mara moja. Ilianza kwa kupunguza sauti, ikawa inanong'ona, ikawa to... to... kisha kimya.

Asubuhi iliyofuata, Maghanga wa Mwanjala, mlinzi wa chemchemi, alisimama uwanjani akasema ameota. Alimwona Mkawasi akiichota chemchemi yote kwa mtungi mmoja, akaufunika mtungi kwa jani, akaondoka nao ukunguni. Watu walimsikiliza wakiwa na kiu, wakaenda kulala na kiu. Kesho yake mwanamke mmoja alisema ameota vivyo hivyo. Keshokutwa wakasema wengine. Mwishowe hata watoto waliota mtungi na jani.

Pembe ikalia, puuu. Mkawasi akaitwa barazani.

Aliyefukuzwa kijijini hapo alipelekwa chini nyikani, kusiko na maji wala nyumba, na hakurudi. Mtoto wake hakwenda naye. Mtoto alibaki na ukoo wa baba. Mkawasi alilijua hilo, na alipokuwa akipanda kwenda uwanjani alimbana Mghoi kifuani mpaka mtoto akalia.

Tena desturi ilimkataza mshtakiwa kujisemea. Alihitaji msemaji, na msemaji alifungwa naye kwa kamba moja ya magome, mkono wa huyu kwa mkono wa yule. Mshtakiwa akishinda, wote wawili walifunguliwa. Akishindwa, wote wawili waliteremshwa nyikani, na msemaji hakuruhusiwa kurudi mpaka mvua ya mwaka ipite. Ndiyo maana wasemaji walikuwa wachache.

Jumbe Kalaghe aliinua kamba akauliza nani ataishika.  Wanawake waliopikia vyungu vya Mkawasi walitazama miguu yao.

Akasimama Mwasaru wa Nyambu. Si Mwasaru wa Kideri, yule mpiga ngoma. Huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, aliyekaa nyumba ya mwisho, na hakuwa na chungu hata kimoja cha Mkawasi. Aliwahi kumsemea mtu asiyekuwa wa ukoo wake, akashindwa, akaenda naye nyikani, akarudi mifupa mitupu. Aliyoyaona huko hakuyasimulia.

Maghanga akacheka. "Mzee, nyika haikukutosha?"

"Ilinitosha," akasema Mwasaru, akanyoosha mkono. "Funga."

Walipofungwa, alimvuta Mkawasi pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama aliyachukua maji.

 Kila mtu alikuwa amesema, na ndoto ilikuwa imemwingia hata Mkawasi mwenyewe. Usingizini alikuwa ameuhisi uzito wa ule mtungi kichwani, na ubaridi wake ukimteremka shingoni.

"Sijui, baba," akasema. "Hata mimi nimeota hivyo."

"Sikukuuliza umeota nini."

 Mkawasi akaikumbuka mikono yake asubuhi ile alipoamka, ilivyokuwa mikavu, na midomo ya Mghoi ilivyopasuka kwa kiu.

"Sikuyachukua," akasema.

"Haya. Twende."

Jumbe alisema hakuna la kuzungumza, maana ndoto imekwisha kushuhudia. Mwasaru alikohoa, kho, kho, akaomba jambo moja tu. Yeyote aliyeota mtungi na jani kabla Maghanga hajasimulia, asimame.

Ukungu ukapita kati ya watu, shwaaa. Hakusimama mtu.

Jumbe akajibu kwamba ndoto ni ndoto, haijali nani ametangulia.

"Vyema," akasema Mwasaru. "Basi nami nina yangu. Nimekuota wewe, Jumbe Kalaghe. Umepiga magoti chemchemini, unakunywa. Ulikunywa mpaka ukabaki mchanga."

Watu wakaguna. Jumbe akatabasamu, akamkumbusha kwamba ndoto ya mtu mmoja ni yake mwenyewe.

"Ni kweli," akasema Mwasaru. "Leo nimeisimulia. Twendeni tukalale, tukutane kesho."

Ukungu ukashuka, shwaaa. Kijiji kikalala na kiu. Mkawasi na Mwasaru walilala kibandani pa baraza, kamba kati yao, na mtoto juu ya kamba.

Ukungu ukapanda, shwaaa. Watu wakaja uwanjani polepole, macho chini. Hakuna aliyetaka kuanza. Akaanza Bibi Wakesho wa Mboje, ambaye uzee ulikuwa umemwondolea woga.

"Kalaghe, nimekuona. Ulikunywa ndevu zikidondosha maji. Na hukuniachia hata tone, nami ni shangazi yako."

Wakacheka, kisha hawakucheka tena, kwa sababu mtu wa pili alisimama akasema naye ameona. Akasimama wa tatu. Wakasimama kwa mafungu. Mwisho alisimama mke wa Jumbe, akasema kwa haya kwamba mumewe alikunywa mno.

Jumbe aliitazama ile kamba. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Sikunywa."

"Najua," akasema Mwasaru. "Lakini mshtakiwa hajisemei. Ungependa nani akusemee?"

Jumbe Kalaghe akawatazama watu wake mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aligeuka. Kisha akainuka, akaja, akaifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe. Akasema kwamba tangu siku hiyo ndoto itabaki kwa mwotaji, hata ikiotwa na dunia nzima. Mkawasi binti Mwadime ni huru, na mtoto ni wake.

Mkawasi alikaa chini. Akampakata Mghoi.

Lakini watu walikuwa bado na kiu. Mmoja akamgeukia Mwasaru kwa hasira akamuuliza, kama ni hivyo, maji yako wapi?

"Sikusema maji yatarudi," akajibu mzee. "Nilisema huyu hakuyachukua."

Hapo mtu akataja jina la Maghanga. Mwingine akalirudia. Ni nani aliyeileta ndoto ile? Ni nani aliyepewa chemchemi ailinde? Jina likazunguka uwanja, Maghanga, Maghanga, kama lilivyozunguka jina la Mkawasi siku zilizotangulia, na kwa midomo ile ile. Nyikani naye! Wakamsukuma mbele. Maghanga alikuwa akilia, akisema kweli aliota, hakubuni, na kwamba aliogopa wataulizana mlinzi alikuwa wapi. Hakuna aliyemsikiliza. Jumbe akaiokota kamba akauliza, kwa uchovu, nani ataishika.

Mkawasi naye alitaka Maghanga apelekwe. Aliitaka nyika immeze mtu huyo, na hakuona haya kulitaka hilo.

Mwasaru wa Nyambu akakohoa, akanyoosha mkono ule ule uliokuwa bado na alama ya magome. "Funga."

Mkawasi akainuka akamshika nguo. "Baba, huyu alitaka nimwache mwanangu. Unampendea nini?"

"Simpendi."

"Basi kwa nini?"

Mzee akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo la kawaida.

"Na wewe sikukupenda, mwanangu," akasema. "Sikukujua hata."

Mkawasi akaiachia nguo. Njia ya kwenda kwake ilikuwa wazi, wala hakuna aliyemzuia. Alimwinua Mghoi, akatembea mpaka ukingo wa uwanja, akasimama hapo. Kisha akarudi. Watu wakasogea wampe nafasi nyuma pamoja na wanawake, naye akawapita, akaketi mbele kabisa, mtoto mapajani, akamsikiliza Mwasaru akimsemea Maghanga wa Mwanjala mpaka mwisho.

Walioipokea ngano hii kabla yangu wanasema mafunzo yake ni mawili, nami sijaona la tatu. Mtu asihukumiwe kwa yale ambayo wengine wameyaota juu yake. Na anayesimama kumsemea mtu asijiulize kwanza kama anampenda.

Hadithi nimeifikisha hapo, na hapo nami nanyamaza.