Kofia ya Aliyeyaona Maji

Kaeni vizuri. Asiyependa kuhukumu aondoke mapema, maana hadithi hii haina hakimu ila nyinyi.

Katika hospitali moja kisiwani walikuwako watu watatu. Vuai, mpiga picha wa mashine ya MRI, alikuwa na kipawa cha kumtuliza mtu: hata aliyemwagiwa upupu, kwake angelala kama gogo. Riziki, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na kipawa cha kuifunza kompyuta kuona. Daktari Khelef alikuwa na kipawa cha kutoamini alichoambiwa mpaka akione mwenyewe, kipawa kilichomchelewesha sana kupandishwa cheo.

Na alikuwako Bi Mize, mshonaji wa kofia za mkono, zile za matundu madogo yanayopangwa mpaka yawe maua. Mwaka ule miguu yake ilianza kuganda sakafuni kama imepakwa gundi. Kisha mikono ikasahau ua linaanzia wapi.

"Uzee huo, mama," wanawe wakasema, wakamfichia sindano asijichome.

Bi Mize hakuogopa kufa. Aliogopa kukaa mbele ya kitambaa asijue akifanye nini.

Wakampeleka kupigwa picha ya ubongo. Mashine ikanguruma, akatapatapa, picha ikatoka kama sura kwenye maji yaliyokorogwa. Vuai akainama. "Bibi, nishonee kofia humo ndani, kwa mawazo tu. Tundu kwa tundu, mpaka nikwambie basi."

"Kipimo chako?"

"Kisia."

Bi Mize akashona bila sindano. Alipotea njia ya ua, akafumua, akaanza upya, lakini hakutikisika. Picha ikatoka safi.

Ikaangaliwa mbiombio na daktari wa kusoma picha mwenye foleni ndefu, akaandika: ubongo wa mtu mzima, hakuna cha ajabu. Sasa, ndani ya ubongo wa kila mmoja wenu mna vyumba vinne vya maji. Msishtuke, ndivyo tulivyoumbwa. Riziki alikuwa ameifunza kompyuta kuvitambua vyumba hivyo na kuvipaka buluu. Mwanzoni ilipaka na macho, kwa kuwa nayo yana maji, naye akairudisha darasani mpaka ikashika adabu. Kompyuta hiyo ndiyo iliyoichomoa picha ya Bi Mize rundoni: vyumba vyake vilikuwa vimetanuka kupita vya wanawake wa umri wake.

"Ubongo wa mzee husinyaa," wakubwa wakasema, "vyumba lazima vitanuke."

Daktari Khelef hakuwabishia. Alikwenda kumtembeza Bi Mize ukumbini, akaiona ile miguu. Maji ya ubongo hushuka mpaka uti wa mgongo, basi akamtoa kidogo kwa sindano ya mgongoni, akasubiri. Siku ya pili akamwambia, "Haya bibi, twende mpaka mlangoni." Bi Mize akafika mlangoni, akaupita, akauliza chai inauzwa wapi.

Daktari mpasuaji akamwekea mrija wa kuyapunguza maji. Bi Mize alipomwahidi kofia, akacheka. "Mimi fundi bomba tu, bibi. Kofia mpe aliyeyaona maji."

Bi Mize akaishona kofia. Ikabaki vipande viwili, cha juu na cha pembeni, maana huungwa kwa kipimo cha mvaaji. Katibu wa hospitali akatangaza kwamba zawadi zote hupokelewa na ofisi, akajizungushia kipande cha pembeni. Kikamteremka mpaka puani. Basi akaunda kamati, nayo ikaamua kukutana baada ya Ramadhani.

Bi Mize hakuweza kungoja. Alikwishaambiwa kwamba mrija huweza kuziba, maji yakajaa tena. Alitaka kuunga kofia angali anajua pa kuanzia. Akawaita watatu wale.

"Bila picha iliyotulia," Vuai akasema, "kompyuta ingepaka nini buluu? Ukungu?"

"Picha yako iliyotulia ilikuwa imeshafukiwa rundoni," Riziki akajibu.

"Na wewe kofia utaivaa?"

"Nitatafuta mume wa kipimo hicho."

Daktari Khelef akakohoa. "Nyinyi mliona vyumba vikubwa. Mimi ndiye niliyeona kuwa maji ndiyo ugonjwa."

"Ungemtembeza nani, daktari," Riziki akamuuliza, "kama jina lake lisingefika mezani kwako?"

Bi Mize akawapima vichwa kwa uzi, mmoja mmoja. Vyote sawasawa. Akaguna: hata uzi umekataa kutoa ushahidi.

Sindano imeshatungwa, vipande viwili viko mapajani, na vichwa vitatu vimeinama mbele yake. Haya, nyinyi mlioketi, msiende kuunda kamati. Semeni sasa hivi, angali anakumbuka: aiunge kwa kichwa cha nani?