Pipa la Moshi la Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Jiko likawaka!

— Chungu kikachemka!

Moshi ukaenda wapi?

— Machoni mwa mpishi!

Haya basi. Shikeni visu, menyeni viazi, masikio nipeni mimi. Huko ukumbini waheshimiwa wanazungumza biashara, sisi huku uani tutamzungumza Kiboko. Mwanakombo, hilo ganda nene mno, unamenya kiazi au unakigawa nusu kwa nusu? Haya, tuendelee.

Hapo kale palikuwa na kilima chenye msitu. Msituni kulikuwa na mkuyu, kwenye mkuyu kulikuwa na pango, na kwenye pango alikaa Pelele. Pelele mnamjua: kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kanakwea miti na kulia kriii, kriii, kama mlango usiotiwa mafuta. Alikaa humo na mama yake mzee na watoto wake watano. Mkuyu ule ulikuwa nyumba yao na chakula chao.

Chini ya kilima kulikuwa na mto, na mtoni alikaa Bwana Kiboko. Mkubwa, mzito, tajiri wa mafunjo. Mnyama akitaka mafunjo ya kutandika au ya kuezekea, anakwenda kwa Kiboko. Na kila mwaka Kiboko aliitisha mkutano wa wafanyabiashara wa pori zima. Kwake mtoni ni matope na mbu, kwa hiyo mkutano aliupeleka kilimani, penye hewa nzuri. Hewa ya watu wengine, lakini nzuri.

Kilimani kulikuwa na sheria moja tu. Mwenye kuwasha moto apime moshi wake, na moshi aliopima aulipe kwa miti.

Kiboko aliijua sheria, akaitafutia njia. Mkutano ukiisha, anachukua kamba za mafunjo, anazunguka msituni. Akiona mti, anaufunga kamba. "Huu wangu, nimelipa." Akiona mwingine, anaufunga kamba. "Na huu wangu, nimelipa." Shimo hakuchimba. Mche hakuumwagia hata kata moja ya maji. Mwaka ukigeuka, wageni wakija, anaagiza kuni. Kuni zipi? Si ile miti yenye kamba! Si yake? Kwa! kwa! kwa! Shoka linalia. Pu! Mti chini.

Mwaka wa kwanza, miti ya bondeni ikaisha. Mwaka wa pili, miti ya ubavuni ikaisha. Mwaka wa tatu, mkutano ulipokwisha, Pelele akatoka pangoni asubuhi, akakuta kamba imefungwa mlangoni kwake.

Akasema, "Bwana Kiboko, humu wanalala watoto."

Kiboko akasema, "Nao walale. Nani kawakataza? Walale mpaka mwakani."

Akacheka, bwo, bwo, bwo! Akateremka zake mtoni. Pelele akabaki ameishika ile kamba, na moyo unamuuma, na hana la kufanya.

Mwakani ikafika, haikawii. Wageni wakaja, na mkubwa wao alikuwa Korongo, mfanyabiashara kutoka mbali, miguu mirefu, mdomo mrefu, macho hayana haya. Korongo akakitazama kilima, akaona kipara. Akasema, "Bwana Kiboko, mbona kila mwaka unalipa miti na kila mwaka kilima kinazidi kunyonyoka? Safari hii moshi upimwe mbele ya macho yetu, na ulipwe mbele ya macho yetu. Ama sivyo, mafunjo tutanunua kwingine."

Kiboko akameza mate, glu! Mafunjo yasiponunuliwa yataozea mtoni. Akasema, "Upimwe! Nani anaogopa kupimwa? Lakini nani atapima?"

Sauti ndogo ikatoka juu ya mkuyu: "Mimi."

Wakatazama juu. Pelele. Kiboko akamwona alivyo mdogo, akafurahi. Akawaza, huyu nitamweka kwapani.

Pelele akateremka, akasema, "Nitapima, bwana. Chombo chagua mwenyewe. Ukitaka kibaba, kibaba. Ukitaka ndoo, ndoo."

Sasa sikilizeni akili ya mwenye tamaa. Kiboko akajisemea, nikipimiwa kwa kibaba, vitakuwa vibaba elfu. Nikipimiwa kwa ndoo, zitakuwa ndoo mia. Chombo kikiwa kikubwa, hesabu inakuwa ndogo! Na yeye alikuwa na pipa lake, gogo zima lililochongwa. Ngiri, mtumishi wake, alilipandisha kilimani analia, ili bwana mkubwa apate kujilowesha, maana ngozi ya Kiboko haipatani na jua.

Akasema, "Pima kwa pipa langu."

Ngiri akasema, "Bwana, na kuoga je?"

"Utanimwagia kwa kata. Siku mbili si nyingi. Mwaga maji, leta pipa!"

Maji yakamwagwa, mwaa!

Pelele akasema, "Pipa zuri, bwana. Lakini nikuulize mbele ya wageni, nisije nikaambiwa sikuuliza. Kilimani kwetu chombo cha kupimia ndicho cha kulipia, kama unga wa jirani. Umekubali?"

Hapo, jamani, sisi sote tungeelewa. Ukiazima unga kwa jirani kwa kibaba chake, unarudisha kwa kibaba kile kile, kimejaa vile vile. Hata mtoto anayetumwa na kikombe anajua. Lakini Kiboko hakuwahi kuazima unga maishani mwake. Yeye akitaka unga huchukua. Atajuaje?

Akasema, "Nimekubali, nimekubali. Washeni moto!"

Mafiga yakapangwa, moto ukawashwa, sufuria za maharage zikatokota, to-to-to-to. Wageni wakakaa, wakazungumza biashara, wakala. Pelele akalilaza pipa penye moshi, akaimba:

Moshi fuu, moshi fuu,
ingia pipani, usiende juu.

Kisha akafunika kifuniko, ta! Akachora mstari kwa mkaa. Jioni Kiboko akauliza, "Mapipa mangapi?"

"Matatu, bwana."

"Matatu tu! Bwo, bwo, bwo!"

Siku ya pili, moto tena, maharage tena, biashara tena. Moshi fuu, moshi fuu, ingia pipani, usiende juu. Ta! Jioni Kiboko akauliza, "Mapipa mangapi?"

"Manne, bwana. Na matatu ya jana, saba."

"Saba! Mkutano mzima, mapipa saba! Mwaka jana nilifunga kamba miti arubaini. Kumbe nilikuwa naibiwa!" Akacheka mpaka tumbo likagonga ardhi. Ngozi ilikuwa imeanza kumwasha, lakini akacheka.

Pelele akasema polepole, huku anaifuta mikono, "Kwa bei hii, bwana, mimi ningekuwa wewe ningewaongeza wageni siku ya tatu. Wangekusifu."

Mwenye tamaa ukimwonyesha rahisi, haulizi rahisi ya nini. Kiboko akapaza sauti, "Wageni wangu! Kesho hakuna kuondoka. Kesho ni karamu!"

Ngiri akasema, "Bwana, kuni zimekwisha."

"Zimekwishaje? Na ule mkuyu wenye kamba?"

Pelele akageuka, akatazama. Shoka lilikuwa pale, limeegemea jiwe, na watoto wake watano walikuwa pangoni wanachungulia. Mama yake mzee alikuwa amelala, hajui kitu. Akajikaza.

Akasema, "Bwana, shoka na giza ni ajali. Ukatwe kesho, jua likitoka."

"Sawa," akasema Kiboko. "Kesho jua likitoka."

Jua likatoka. Ngiri akalinoa shoka, kwacha, kwacha. Na Pelele akaja, nyuma yake kundi zima la pelele wa kilimani, wote wamebeba majembe. Hakuna aliyebeba chakula wala chai.

Kiboko akauliza, "Nini hii?"

Pelele akasema, "Wageni wamekula siku ya kwanza, tukawakaribisha. Wamekula siku ya pili, tukawakaribisha. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu..."

— Mpe jembe!

Ahsanteni. Hata wageni wenyewe waliitikia hivyo hivyo, maana ni desturi, na desturi haina ubishi. Korongo akachukua jembe, akacheka. Nyumbu akachukua jembe. Kiboko naye akapiga makofi, "Wape, wape! Wageni walime! Desturi ni desturi!" Alifikiri, hawa wakipanda miti, mimi nimepona.

Kisha akaliona jembe moja limebaki. Kubwa, mpini wake kama nguzo ya nyumba.

"Hilo la nani?"

"Lako, bwana."

"Langu? Mimi mwenyeji! Mimi ndiye niliyewaalika!"

Korongo akainua shingo, akamuuliza, "Bwana Kiboko, nyumbani kwako wapi?"

"Mtoni."

"Na hapa ni mtoni?"

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, "Si mtoni."

"Basi na wewe ni mgeni. Ulikuja siku ile ile tuliyokuja sisi. Shika."

Wageni wote wanamtazama, na mafunjo bado hawajanunua. Kiboko akalishika jembe. Akasema kwa hasira, "Basi nitapanda hiyo miti saba yenu, nimalize. Mashimo saba ni nini kwangu?"

Pelele akasema, "Miti saba? Nani kasema saba? Mapipa saba, bwana. Ulipimiwa kwa pipa, utalipa kwa pipa. Kama unga wa jirani. Ulikubali mbele ya wageni."

"Alikubali," akasema Korongo.

"Alikubali," wakasema wageni.

Ngiri akatazama chini, akasema, "Bwana, ulikubali mara mbili."

Pelele na wenzake wakaanza kuleta miche. Ilikuwa tele chini ya mkuyu, maana wao hula matunda pale pale na kujisaidia pale pale, na mbegu mnajua zinapita wapi. Wakaishindilia ndani ya pipa, miche membamba, imesimama imebanana. Pipa la kwanza tu, Korongo alihesabu mpaka vidole vikamwishia, akaazima vya Nyumbu, akakuta Nyumbu hana. Na hilo ni pipa moja. Yako saba.

Ngiri akauliza, "Na mkuyu, bwana? Niukate?"

Kiboko akaguna, "Ukate kwa mkono upi? Shika jembe na wewe!"

Pelele akaifungua ile kamba mlangoni kwake, akafungia nayo mzigo wa miche. Wageni wakachimba kila mmoja shimo lake, wakanawa mikono, wakaaga. Moshi haukuwa wao. Kiboko akabaki. Chwa! jembe chini. Chwa! jembe chini. Jua likapanda. Akasema, "Ngiri, nimwagie maji!" Ngiri akasema, "Maji ya kata ni ya miche, bwana." Akasema, "Basi niingie pipani!" Ngiri akasema, "Pipa limejaa miche, bwana." Ngozi ikamwasha, ikapasuka pasuka, akatoka jasho jekundu, na hilo jasho halijamwisha mpaka leo. Na kila jioni anauliza, "Mapipa mangapi?" Na Pelele anamjibu kwa upole, "Bado, bwana."

Alipolipa pipa la saba, msitu ulikuwa umerudi ubavuni na bondeni, na ndani ya ule mkuyu watoto wa Pelele walikuwa wamekua, wanalia kriii, kriii, mlango mmoja umekuwa milango mingi. Kiboko akashuka mtoni mbio, akajitosa, chubwi! Ndiyo maana mchana kutwa anashinda majini, ametoa pua na macho tu. Anachungulia kama siku ya tatu imepita.

Sasa Mwanakombo ananiuliza, Pelele aliupimaje moshi? Pipa likilazwa, moshi unaingia na kutoka kwa mdomo ule ule. Mwanangu, hakupima kitu. Alikuwa anaingia mle ndani, anajifunika, anasinzia. Na saba aliitoa wapi? Yeye mmoja, mama yake wa pili, watoto watano. Hao ndio aliowahesabu.

Basi funzo la hadithi ni hili, lishikeni sana: kupima ni kazi ya haki, na mpimaji asiongope hata chembe.

Hadithi yangu imeiva, naiipua. Ikiwa tamu, tumekula wote. Ikiwa na mawe, mawe ni yangu mimi niliyeichambua vibaya.

Nyamazeni kidogo, kuna bwana mwenye tai mlangoni, na karatasi mkononi. Karibu, baba. Pole na moshi.

— Ahsante, mama. Nisamehe kuwaingilia. Tunapima moshi wa kongamano letu, ili tuufidie kwa kupanda miti. Tangu juzi mmetumia mizigo mingapi ya kuni?

Saba, baba.

— Una hakika, mama?

Mwanakombo, acha kucheka, kata viazi. Nina hakika, baba, saba kamili. Na tangu juzi mpaka leo, ni siku ya ngapi?

— Ya tatu, mama.

Haya. Majembe yako nyuma ya stoo, waite wenzako.