Zaituni, Baba Yake na Mpishi wa Darajani

Hii isome mpaka mwisho, hasa wewe ambaye ukimkuta mtu mzima anatazama katuni unamwuliza atakua lini.

Muheza palikuwa na binti mmoja, Zaituni, msichana mkubwa mwenye akili zake timamu, na bado alikuwa hapitishi siku bila katuni za Kijapani, zile waziitazo anime. Wala hakuwa anatazama kwa kujificha. Ukikaa naye hata kwa bahati mbaya, utaambiwa tu. Atakwambia humo hata adui ana mama yake na ana sababu zake. Atakwambia wale wachoraji wakichora bakuli la wali, unasikia njaa wewe uliyekwisha kula. Na mtu akishindwa hawamkimbii; wanakaa naye palepale mpaka nawe mtazamaji umemwelewa.

"Hebu nitajie filamu nyingine inayomheshimu mtu aliyeshindwa," atakuuliza. Hapo nakushauri usijibu, maana hutarudi kwako mapema.

Anime aliyoipenda kuliko zote iliitwa Walinzi wa Mto Baridi, nayo ilikuwa na gemu yake. Gemu ya vita, lakini si ile ya kukimbizana na kubonyeza vitufe kwa pupa. Unapewa ramani yenye miraba, unapanga askari wako, unasogeza mmoja mmoja, halafu unatulia umngoje mwenzako naye acheze zamu yake. Kila askari ana jina lake na hadithi yake, kama ilivyo kwenye anime, na akifa ndiyo amekufa, harudi. Zaituni alikuwa akisema gemu ile inakufundisha kuwajua watu wako kwanza kabla hujawatuma vitani.

Baba yake, Mwalimu Mhina, alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na kazi yake sasa ilikuwa bao. Mji mzima hakuwa amepatikana wa kumtoa jasho. Na kuhusu katuni alikuwa na neno moja tu: upuuzi.

Basi Zaituni akapata nafasi chuo cha sanaa, kusomea uchoraji wa katuni. Kumbe baba yake naye alikuwa ameshamtafutia nafasi ya uhasibu. Nyumba ikawa haikaliki, asubuhi uhasibu, jioni katuni.

"Baba, hivi vitu ni akili," Zaituni akasema siku moja. "Hata gemu yake ni akili tupu, kama hilo bao lako."

Weee! Hapo ndipo alipomgusa mzee pabaya.

"Kama bao?" Mwalimu Mhina akavua miwani. "Haya, nifundishe hiyo gemu yako. Ijumaa nikitoka msikitini tunacheza, mara moja tu. Ukinishinda, nenda kachore katuni zako, na radhi zangu unazo. Nikikushinda, unakwenda uhasibu, na habari za Wajapani sitaki kuzisikia tena humu ndani. Umekubali?"

"Nimekubali, baba."

Mama yake, Bi Sauda, akamvutia jikoni. "Zaituni, usiwe mjinga. Mfundishe nusunusu. Mwonyeshe kusogeza askari, uishie hapo. Atajulia wapi?"

Na kweli kulikuwa na jambo la kuficha. Katika gemu ile kulikuwa na askari mmoja aitwaye Goro, mpishi wa jeshi. Kwa nguvu ni wa mwisho kabisa. Upanga hajui kuushika, mwendo wake wa kobe, na wachezaji wengi humtupa nyuma na masufuria yake wakamsahau. Lakini ukimweka Goro juu ya daraja ukamwacha hapo, hakuna jeshi litakalomwondoa. Jambo hilo halikuelezwa popote kwenye maelekezo ya gemu. Waliotengeneza waliliweka kama zawadi kwa wale wanaoijua hadithi ya Goro. Zaituni alikuwa akiijua, na hiyo ndiyo silaha aliyokuwa ameiwekea Ijumaa.

Mafunzo yakaanza. Mzee akajifunza kwa hesabu, anauliza huyu anaruka miraba mingapi, yule anapiga umbali gani. Ikawa haimtoshi.

"Hawa ni watu gani?" akauliza. "Siwezi kumtuma mtu nisiyemjua. Niwekee hiyo katuni yenyewe."

Zaituni akamwekea. Mzee akakaa amekunja mikono, uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Baada ya muda mikono ikakunjuka. Baadaye akasogeza kiti. Zaituni akajifanya haoni.

Ikafika pale jeshi linapovuka mto. Askari wote wanapita darajani wakiimba, ila Goro amesimama kabla ya daraja na sufuria lake mgongoni, machozi yanamtiririka. Sababu haielezwi mpaka mbele sana, na mzee asingefika huko kabla ya Ijumaa.

"Huyu mpishi vipi?" Mwalimu Mhina akauliza. "Wenzake wanaimba, yeye analia. Analilia nini?"

Zaituni akafungua mdomo aseme hajui. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akamtazama baba yake: ameinama mbele, kidevu juu ya kiganja, macho hayabanduki kwa yule mpishi. Roho ikamuuma. Hivi mtu auone uzuri wote ule halafu aondoke bila kuuelewa?

"Zamani alikuwa mlinzi, baba," akasema. "Alikuwa analinda daraja la kijijini kwao. Maadui walipokuja akaogopa, akakimbia, na kijiji chote kikateketea. Tangu siku hiyo akaapa kuwapikia askari mpaka afe, na kila akiona daraja anawaona watu wake. Lakini mwishoni, baba, mwishoni anarudi darajani peke yake na mwiko wake, na safari hii hakimbii. Ndiyo maana hata kwenye gemu ukimweka darajani, hakuna wa kumtoa."

Lilipomtoka ndipo aliposikia alichosema. Bi Sauda, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajishika kichwa akarudi zake jikoni.

Ijumaa ikafika. Mzee akapewa kuanza kwa heshima ya umri. Kila upande ulikuwa na Goro wake, lakini daraja lilikuwa moja tu, na Mwalimu Mhina hakupoteza muda: mpishi moja kwa moja darajani. Zaituni akajaribu wapanda farasi, wakarudishwa. Akajaribu mishale, akajaribu kuzungukia mtoni, askari wake wakazama. Alipambana kweli, hakulegeza hata zamu moja, lakini mwishowe hakuwa na mtu aliyebaki uwanjani.

"Nani kama mimi!" Mzee akaruka kama kijana. "Mama Zaituni! Njoo uone! Nimempiga kwenye mchezo wake mwenyewe!"

Zaituni akaweka padi ya kuchezea gemu mezani polepole. Akasema vizuri, "Hongera, baba. Uhasibu wanaanza lini?"

Mzee akamwangalia. Furaha ikaanza kumtoka usoni.

"Zaituni, habari ya huyu mpishi ningeijua bila wewe?"

"Usingeijua, baba."

"Na ulijua kwamba ukiniambia utakuwa umejimaliza?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliniambia?"

"Ulimwona analia, nawe hukujua analilia nini. Sikuweza kukuacha hivyohivyo."

Hapo Bi Sauda akadakia, maana alikuwa amechoka kunyamaza. "Umesikia? Wewe bao unalipenda, sawa, lakini hata huyu mwanao hukumfunza kushika kete. Unaogopa watu watakushinda. Mwenzio kashindwa kukuficha hata kitu cha kumwokoa mwenyewe."

Mwalimu Mhina akajikuna kichwa. Akakohoa. Akavaa miwani, akaivua tena.

"Uhasibu hutakwenda," akasema.

"Lakini baba, umenishinda."

"Nimekushinda, nani kasema sijakushinda? Ila nani atakupa kazi ya uhasibu wewe? Daraja moja limekushinda kulificha, utaweza kutunza siri za ofisi za watu?"

Bi Sauda akacheka mpaka akajishikilia mlango. Zaituni hakuwa na uhakika kama ni mzaha au vipi, akabaki anamtazama baba yake.

Mzee akashusha sauti. "Nimefundisha maisha yangu yote, mwanangu, watoto wakinisinzia mbele ya macho yangu. Wewe umenikalisha mimi, mzee mzima, mbele ya katuni, nikamwonea huruma mpishi ambaye hayupo duniani. Hiyo kazi usiiache. Nenda chuoni."

Zaituni, ambaye kushindwa hakukumliza, akalia hapo kwa sauti, na baba yake akamfuta machozi kwa kanzu yake ya Ijumaa.

Kama unamjua mzazi aliyekunja uso mbele ya anachokipenda mwanawe, mpelekee hii leo.

Funzo: Ukitaka kujua kama mtu anakipenda kitu kwa dhati, usiangalie anavyokitumia kushinda, angalia anavyokugawia hata pale kukugawia kunapomponza. Na kabla hujaliita jambo upuuzi, vuta kiti ukae ulitazame pamoja na anayelipenda.