Kete Mbili za Mjusi

Hapo zamani, ile ya kale kweli, siyo zamani yenu ya mwaka juzi, Kiboko hakuwa anakaa mtoni. Alikuwa na nyumba yake nchi kavu, nyumba ya udongo, mbele ina kibaraza, na uani alichimba dimbwi la kulowea mwili. Nyumba kubwa. Ukiingia mlango wa mbele asubuhi, ukitokea wa nyuma unakuta watu wanakula cha jioni. Na mwenyewe akikaa kwenye benchi, hata benchi za kijiji cha pili zinalia.

Juu ya ukuta, karibu na dari, aliishi Mjusi na mkewe. Mjusi huyuhuyu mnayemwona akiwinda mbu. Mkia hakuwa nao. Siku moja Kiboko alifunga mlango, pa, mkia ukabanwa. Mjusi akauachia, akapanda zake ukuta. Mkia ukabaki pale mlangoni unarukaruka peke yake, na Kiboko akacheka mpaka vikombe vikadondoka kabatini. Tangu siku hiyo akawa anamwita Kibutu.

Sasa, pale kibarazani Kiboko alikuwa na ubao wa drafti. Kete ni vizibo vya soda. Zake zinalala kifudifudi, za mwenzake zinalala chali. Mnaujua mchezo: kete inakwenda mbele kwa pembe, ikikuta kete ya mwenzako na nyuma yake pako wazi, inaruka, imekula, na ikitua ikakuta nyingine hivyohivyo, inaunganisha. Mimi shule sikwenda, lakini drafti nimewafunga watu mpaka wengine wakahama wilaya, kwa hiyo ninachowaambia nakijua.

Kiboko hakuwa anacheza mchezo mzima. Alikuwa na fumbo. Anapanga kete zake tatu: mbili katikati ya ubao, zimesimama sambamba, zimeachana chumba kimoja, na ya tatu iko nyuma yao kidogo. Wewe unapewa kete mbili tu. Moja imegusa ukingo wa ubao, mgongo ukutani. Ya pili iko hatua moja mbele yake.

Halafu anasema, "Unaanza wewe. Ukinifunga, chagua kitu chochote ndani ya nyumba hii, nakupa. Nikikufunga, unanifanyia kazi siku tatu."

"Na jibu lipo?" wanamuuliza.

"Lipo. Mwenye akili analiona."

Tembo alijaribu, akafungwa, akawa anachota maji mtoni kujaza dimbwi. Ndoo moja ya Tembo ni kama visima vitano vya kwenu. Alipomaliza siku tatu akajaribu tena, akafungwa tena. Mpaka ikawa ndiyo kazi yake.

Baada ya Tembo akaja Nyati. Mjusi alikuwa amebandika tumbo darini, anatazama ubao kutoka juu.

Nyati aliangalia, akaangalia, akaisogeza kete yake ya mbele pembeni, aikimbize. Kiboko akairuka, tak, akaila. Nyati akabaki na moja. Akaipandisha. Hapo Kiboko akachukua kete yake mwenyewe, akaiweka mbele ya kete ya Nyati, nyuma pako wazi kabisa.

"Mbona unanipa?" Nyati akauliza.

"Kula."

"Sitaki. Hapa pana kitu. Mimi napita pembeni."

"Sikia, Nyati." Kiboko akainuka kidogo, benchi ikapumua. "Hapa kwangu kula ni lazima. Cha kula kikiwepo unakula. Hakuna kusema umeshiba, hakuna kusema unafunga, hakuna kusema unaumwa tumbo. Tembo, si ndiyo sheria?"

Tembo alikuwa anapita na ndoo. "Ndiyo sheria, mzee. Na mimi uliniambia hivyohivyo."

Nyati akala. Kete nyingine ya Kiboko ikaingia mwisho wa ubao, ikawa kingi, ile inayokwenda mbele na nyuma, ikarudi mbio ikamlamba ile ya mwisho.

"Haya," Kiboko akasema. "Uani pana udongo. Ukanyage ulainike vizuri. Fundi Nyigu anakuja kesho kupiga lipu. Nyumba hii ina nyufa, upepo unaniingia mgongoni."

Juu darini Mjusi akahisi damu yake, ambayo ni ya baridi siku zote, inazidi kuwa ya baridi. Maana katika ufa mmoja wa ukuta ule, mkewe alikuwa ametaga mayai mawili. Na mayai ya mjusi yakishatagwa yanashikana na ukuta. Ukiyabandua yanavunjika. Ukiyapiga lipu, watoto wanazikwa hawajazaliwa.

Mjusi akashuka ukutani, tiri tiri tiri, mpaka usawa wa sikio la Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kibutu. Unasemaje?"

"Lipu hiyo, mzee. Naomba ufa mmoja tu uachwe. Siku nne. Kuna mayai yetu."

"Siku nne nikae na upepo kwa ajili ya mayai?"

"Mawili tu, mzee. Madogo."

"Kama ni madogo hayatasikia kitu," Kiboko akasema, akafumba macho. Mazungumzo yameisha.

Mjusi akapanda kwa mkewe. Bi Mjusi alikuwa amekaa mdomoni mwa ufa, hajala tangu asubuhi.

"Amekataa?"

"Amekataa. Limebaki fumbo tu."

"Tembo limemshinda. Nyati limemshinda."

"Wale wanachezea chini. Mimi nimelitazama kutoka juu, mke wangu, na kila nikilitazama naona kete mbili zinakufa. Nikiikimbiza hii, inaliwa. Nikiikinga, zinaliwa zote mbili baadaye. Nafikiria namna ya kuziokoa, sipati."

Bi Mjusi akamtazama kule nyuma, pale mkia ulipokuwa.

"Siku ile mlangoni," akasema, "ulifikiria namna ya kuuokoa mkia?"

"Ningefikiria ningekuwa nimekufa. Niliuacha."

"Na Kiboko alikuwa anatazama nini?"

"Alikuwa anatazama mkia. Unacheza pale chini, yeye anacheka. Mimi nishafika..."

Mjusi akageuka, akakimbia mpaka darini, juu ya ubao, akaning'inia kichwa chini, akatulia. Nyie mnajua mjusi akitulia anavyotulia. Mbu kumi na saba walitua puani mwake, hakula hata mmoja. Akakaa hivyo mpaka jogoo wa jirani akadhani ni picha.

Asubuhi Fundi Nyigu akafika, kiuno chembamba, mwiko mkononi. Nyati alishaukanyaga udongo, umelainika kama uji. Mjusi akashuka kibarazani.

"Mzee, na mimi nataka kujaribu fumbo."

Kiboko akacheka. "Wewe? Kizibo chenyewe utakiinua?"

"Nitakisukuma kwa kichwa."

"Ukifungwa utanifanyia kazi gani, Kibutu? Unipepee?"

"Nikifungwa, nahama. Mimi, mke wangu, na ukoo wangu wote uliomo kwenye kuta hizi. Hutaona mjusi tena."

"Na mbu nao?"

"Mbu tunakuachia."

Kiboko akafikiria mbu kidogo, halafu akafikiria atakavyocheka, akakubali. "Na ukinifunga unataka ufa wako?"

"Nataka ukuta ule wote usiguswe. Na nataka Tembo na Nyati wasimame hapa washuhudie."

"Waje. Fundi, tia maji kwenye udongo, usikauke. Dakika mbili tu tunamaliza."

Tembo akasimama na ndoo yake. Nyati akasimama na udongo wake mpaka magotini. Kiboko akapanga: zake tatu, za Mjusi mbili.

"Mzee," Mjusi akasema, "kabla sijaanza, nikumbushe sheria. Mimi ni mdogo, nisije nikakosea."

"Kula ni lazima."

"Hata kama sijisikii?"

"Hata kama umekufa. Cha kula kikiwepo, kinaliwa."

"Na wewe pia, mzee?"

"Mimi nina njaa siku zote. Cheza."

Mjusi akaenda kwenye kete yake ya mbele. Wote walijua atakachofanya: ataikimbiza pembeni kama Nyati. Akaweka kichwa, akasukuma, krrr, krrr. Lakini hakwenda pembeni. Akaisukuma moja kwa moja mpaka katikati ya zile kete mbili za Kiboko, mdomoni kabisa.

Nyati akafumba macho. "Amejiua."

"Kibutu," Kiboko akasema, "hapo unaliwa."

"Najua, mzee."

"Naweza kukula kwa kulia. Naweza kukula kwa kushoto."

"Upande wowote. Karibu."

Kiboko akanyoosha mkono. Halafu mkono ukasita. Akatazama kulia. Akila na kete ya kulia, anatua mbele ya ile kete nyingine ya Mjusi, ile iliyogusa ukingo. Akatazama kushoto. Akila na ya kushoto, anatua mbele ya hiyohiyo, upande wa pili. Akataka kuila na hiyo pia papo hapo, lakini hailiki: mgongo uko ukutani, nyuma yake hakuna chumba cha kutua. Jasho likaanza kumtoka, lile jekundu la viboko.

"Nafikiri," akasema, "nitasogeza ile ya nyuma."

"Kula, mzee," Mjusi akasema.

"Nimeshiba kidogo."

Tembo akakohoa. Tembo akikohoa paa linahama. "Mzee, hapa kwako kula ni lazima. Hakuna kusema umeshiba."

"Wala kusema unaumwa tumbo," Nyati akaongeza.

Kiboko akala. Alikula kwa kulia, polepole, kama anameza dawa. Tak. Mjusi akabaki na kete moja dhidi ya tatu.

Mjusi akaikumbatia kete yake. Akaruka ya kwanza, tak. Akatua, akakuta mbele yake ya pili, na nyuma yake pako wazi. Tak. Akatua, akakuta ya tatu, nayo nyuma yake pako wazi. Tak. Kwa mruko mmoja, hata pumzi hakuvuta. Ubao ukabaki na kizibo kimoja, kimelala chali, na Mjusi juu yake.

Nyigu akauweka mwiko chini.

"Haiwezekani," Kiboko akasema. "Haiwezekani, haiwezekani. Fumbo hili halina jibu. Nimelipanga mwenyewe, nikakaa nalo mwezi mzima, nikahakikisha halina jibu."

Inzi alipita, wakamsikia mpaka alipofika kwao.

Tembo akashusha ndoo. "Rudia hapo, mzee. Halina nini?"

Kiboko akajifanya anaokota vizibo.

"Nimechota maji haya," Tembo akasema, "nikiamini mimi ndiye mjinga."

Hakupiga mtu. Akaenda uani, akatia mkonga ndani ya dimbwi, fyooo, akavuta maji yote mpaka chura wa mwisho, akayarudisha mtoni alikoyatoa. Nyati naye akaurudia udongo wake, akajilaza ndani, akasema kwa kuwa ameukanyaga yeye, ataulalia yeye. Mwiko wa Nyigu ukakosa cha kuchota.

Mpaka jua linasimama utosini, ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka kwa ukavu. Hapakuwa na wa kumchotea. Akainuka, akayafuata maji mwenyewe kwa miguu, mpaka mtoni, akaingia. Ndiyo yuko hukohuko mpaka leo, na akisikia vizibo vinagongana anazamisha masikio.

Siku ya nne, kwenye ufa, mayai yakapasuka. Watoto wawili, wana mikia mirefu kama kamba ya kisima. Mjusi akawahesabu vidole, akawatazama mikia.

"Mizuri," akamwambia mkewe. "Na siku wakihitaji kuiacha, wataiacha."

Funzo lake ni moja tu: sheria unayomkazia mwenzako, siku ikifika utaitafuna mwenyewe.